Waya Alioutupa Mama Majanini

Vuta kiti, wewe unayenisikiliza, na kabla sijaanza nitazamie kitu kimoja: nyumbani kwako kuna nyaya ngapi zinazoingia kutoka nje? Usinijibu. Zikumbuke tu, maana habari hii yote imepita ndani ya nyaya kama hizo.

Radi haina haja ya kupasua paa ili iingie kwako. Mara nyingi hupiga nguzo kule mbali, ya umeme au ya simu, kisha hufuata waya kama mgeni anayefuata njia iliyofyekwa vizuri, mpaka sebuleni. Huko inakuta redio, televisheni, kompyuta. Wewe unasema, "Lakini nilizima." Ulizima kwa swichi. Pengo lililomo ndani ya swichi ni dogo kama punje ya ulezi, na kitu kilichoruka kutoka mawinguni hadi ardhini hakishindwi kuruka punje ya ulezi. Dawa ni kuchomoa. Plagi itoke ukutani na ikae mbali na ukuta.

Maneno hayo nimewaeleza masista wa hospitali, makarani wa ushirika, wanunuzi wa dagaa kule Kipili na wakuu wa shule ambao hawakupenda kuelezwa kitu na mwanamke. Nilimweleza pia mama yangu mzazi, naye aliyashika kuliko wote. Ndiyo sababu watu wa mtaa wetu walitaka aondoke.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Nilijifunzia Dar es Salaam, kwenye shirika la umma ambalo baadaye liliuzwa, nasi wafanyakazi tukaambiwa tumepunguzwa, kana kwamba tulikuwa nywele. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa amepata uhamisho kwenda Sumbawanga, nyumbani kwetu. Wenzangu wa ofisini waliniaga kwa kicheko. "Unarudi kwa wenye radi? Basi tukikuudhi usitutumie radi." Kila aliyetoka Ufipa, ndiko huko kwetu, akakaa Dar anaujua utani huo, kwamba sisi huwatumia radi waliotuudhi. Nilicheka pamoja nao. Sikuwa nimeona bado kwamba utani ule una meno.

Tulikuja na kompyuta moja, nimeifunga kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa, tukapanga nyumba Chanji na baadaye tukajenga yetu palepale. Ilikuwa miaka ya ruksa. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila wiki mtu alikuwa anagonga mbao kufungua kibanda: mitumba, kaseti, vipuri vya baiskeli. Ofisi nazo zilianza kuletewa kompyuta na wafadhili, zikawa zinakaa kwenye makasha yake na vumbi lake, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuziwasha. Mimi nilikuwepo. Nikajiita mshauri wa kompyuta.

Mama alihamia kwetu kutoka Msanzi baada ya baba kufariki. Aliniuliza hiyo kazi ni ya namna gani.

"Watu wananiita, mama. Natazama mashine zao, nawaambia wafanye nini."

"Halafu wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Kwa kuwaambia tu la kufanya?"

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kupepeta ulezi wake. "Basi mimi baba yako nilimshauri bure maisha yake yote."

Hakuuliza tena. Ila alitaka kujua kila kitu kilichomo ndani ya nyumba anayoishi, akawa mwanafunzi wangu. Nilimweleza radi kwa maharage. Maharage ya mwezi wa tatu tunayaanika huku mvua ikiwa bado haijaisha. Wingu likitokea upande wa milima ya Mbizi, hakuna anayengoja kikao. Anayeliona kwanza anayazoa, hata kama ni ya jirani. "Na waya ni hivyohivyo, mama," nilimwambia. "Ukisikia ngurumo ya kwanza ikiwa bado mbali, usiniulize wala usimwulize mwalimu. Zoa." Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku ile plagi ya kompyuta, waya wa simu na waya wa redio vikawa chini ya mamlaka yake. Waya wa redio ulikuwa umefungwa kwenye mlingoti wa mti uani na kuingia dirishani, ili tusikie taarifa ya habari bila kukwaruza. Huo aliuchomoa, akatoka nao nje, akautupa kwenye majani, mbali na ukuta.

Wateja wangu nao niliwafundisha kwa maharage. Katibu muhtasi mmoja wa ushirika aliandika neno ZOA kwa kalamu nyekundu, akalibandika juu ya soketi. Mkuu wake akauliza kama ofisi imegeuka shamba.

Siasa sikuitafuta. Diwani wetu alifariki, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na wanawake wa jumuiya yetu ya Chanji, tukitoka kusali rozari nyumbani kwa mmoja wetu, walinizunguka mlangoni. Kata nzima ilikuwa inategemea mabomba machache, na wao ndio waliokuwa wakiamka alfajiri kupanga ndoo.

"Wewe unawaeleza mashine na zinaelewa," alisema aliyekuwa kiongozi wetu. "Nenda kawaeleze wanaume wa halmashauri."

"Mashine ni rahisi," nilisema.

"Ndiyo maana tunakutuma wewe. Sisi tukienda tutapiga mtu."

Nikachukua fomu ya chama. Na hapo ndipo neno moja lilipoanza kunifuata kila nilipoweka mguu: chagua. Mteja wangu wa Mbeya, mtu mzuri tu, alinipigia simu akasema siasa itanichafulia jina, dada, bora nichague. Mzee wa chama, aliyekuwa katibu wa tawi letu na ambaye alinijua tangu nikiwa msichana, alinikalisha kwenye benchi lake. "Diwani ni mtu wa kupatikana, mwanangu. Wewe leo uko Kipili, kesho Msanzi, keshokutwa umeinama chini ya meza ya watu na bisibisi mdomoni. Chagua."

Wakaja shemeji zangu. Mume wangu ni mtoto wa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi, na kaka zake wawili walikuwa wamepiga kambi na mifugo huko bondeni. Walifika wakamkuta ndugu yao jikoni anasonga ugali, mimi nikiwa mezani nimepasua kompyuta ya watu.

"Shemeji," alisema mkubwa wao, "sisi tulikupa mwalimu. Umetutengenezea mpishi."

"Na unataka umfanye mume wa diwani!" alisema mdogo. "Ng'ombe wakisikia watagoma kutoa maziwa."

Mume wangu hakugeuka. "Kula kwanza. Ukishiba ndipo utukane upishi."

Walikula, na ugali ulikwisha. Lakini walipokuwa wakinawa, mkubwa alirudia lilelile kwa sauti ya upole: mwanamke hawezi kazi tatu, shemeji, chagua. Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Mama akanitangulia, akiwa kwenye kigoda chake karibu na mlango.

"Ninyi mnafuga, hamjui matuta yetu," aliwaambia. "Sisi huku nyasi hatuchomi. Tunazifukia ndani ya tuta zioze. Juu yake napanda maharage, pembeni boga. Mwaka unaofuata nalibomoa, nalisambaza, namwaga ulezi. Nimelima hivyo tangu niko binti. Sijasikia tuta hata moja likiniambia, mama, chagua."

Shemeji zangu walicheka, kwa heshima, kwa kuwa ni mkwe wa ndugu yao. Mimi sikucheka. Nilifunga kompyuta ya watu na nikaamua: sichagui. Atakayetaka kuniondoa kwenye lolote kati ya hayo matatu, kompyuta, nyumba na siasa, aje aniondoe kwa mikono yake.

Mvua ile ilikuja Jumamosi mchana, wiki moja kabla ya kura za maoni za chama. Nilikuwa Kipili, kwenye stoo ya wanunuzi wa dagaa, sikuiona. Nilirudi Jumapili jioni nikiwa nanuka ziwa, na habari nilizikuta njiani. Radi ilipiga nguzo pale Chanji. Ofisi moja ya mjini iliunguliwa na kompyuta zake zote. Banda la video la mtaa wetu lilipoteza televisheni na deki, moshi ukatoka, watu wakakanyagana mlangoni, ila kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Kwa masista salama. Ushirika salama. Nyumbani kwangu salama, hata redio.

Unasikia tatizo lilipo? Mimi nilisikia habari njema. Mtaa ulisikia orodha ya nyumba zilizosazwa, na kila moja ilikuwa na mkono wangu.

Mwenye banda la video alikuwa pia mgombea mwenzangu. Mtu wa makamo, mcheshi, anayejua kila mtu kwa jina la utani. Mimi aliniita Mama Kompyuta. Sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeanzisha maneno, na sitamsingizia. Maneno ya aina hiyo hayahitaji mwanzilishi. Jumatatu asubuhi nilienda bombani, na wanawake walewale walionituma wakaitikia salamu yangu huku wanatazama ndoo. Jirani wa ukuta kwa ukuta alimwita mtoto wake aliyekuwa anacheza mlangoni petu, akamvuta ndani.

Jioni mzee wa chama alikuja. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Mama yako alionekana," alisema.

"Alionekana wapi, mzee?"

"Nje. Ngurumo inaanza, watu wote wanaingia ndani, yeye anatoka. Kashika waya. Midomo inacheza. Kautupa waya upande wa kule, na radi ikapiga upande uleule. Walioona ni wengi."

Nilimweleza, kwa utaratibu, waya ule ni wa nini. Alisikiliza vizuri sana, kwa kuwa hakuwa mjinga. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi nakuamini. Lakini sikia ushauri wa mtu mzima, na hapa mshauri si wewe peke yako. Una njia mbili. Ya kwanza, mrudishe mama Msanzi, akae kwa ndugu mpaka uchaguzi upite. Ya pili..." akatazama mlango, "nyamaza. Usikane, usikubali. Hao watu wakikuogopa hawatakunyima kura. Wapo waliopata vyeo kwa kidogo kuliko hicho."

"Na mama akibaki, na mimi nikinyamaza, baada ya kura itakuwaje?"

Wote wawili tulijua vikongwe ambao maneno juu yao yalianza kwa mchezo, yakaishia kwa kuhamishwa na nyumba kubomolewa, na wengine yaliishia pabaya zaidi. Mtu anayeogopwa mwezi huu, mwezi ujao akifiwa jirani anaulizwa. Kiti cha udiwani kingekuwa changu, na gharama yake ingekaa kwenye kigoda cha mama.

"Msanzi akienda sasa," nilisema, "watasema amekimbia."

"Watasema. Lakini atakuwa mbali."

Mama alikuwa amesikia yote, nyumba yetu haikuwa na dari. Mzee alipoondoka nilimkuta chumbani, amefunga kitenge chake fundo, rozari juu yake.

"Nitapanda gari la asubuhi," alisema. "Mimi nimekwisha kuishi, mwanangu. Kiti chako kisipotee kwa sababu ya waya."

Nilikaa kitandani pake. Niliogopa, sikufichi. Halafu hofu ikageuka kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kigumu na kilikaa wima. Miaka yote nilikuwa nimecheka utani wa Dar. Miaka yote nilikuwa naeleza radi kwa watu, na leo mtu aliyeyashika maelezo yangu kuliko wote alikuwa anafunga mzigo.

"Mama, ulifanya nilichokufundisha?"

"Nilifanya."

"Ulikosea mahali?"

"Nilikosea nini? Nilizoa."

"Basi fungua hilo fundo. Nyumba hii ni yako, haendi mtu popote. Wakitaka maelezo, maelezo ndiyo kazi yangu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliinama akalifungua fundo mwenyewe, akarudisha kitenge kwenye kamba.

Kesho yake nilikwenda kwenye banda la video. Mwenyewe alikuwa anakwangua plastiki iliyoyeyuka na kugandia sakafuni, na vijana wawili wamekaa kwenye mabenchi wakimpa pole isiyo na msaada.

"Karibu, Mama Kompyuta. Umekuja kutazama kazi yenu?"

Vijana walicheka, kisha wakakumbuka kuogopa.

"Nimekuja kutazama plagi yako," nilisema.

Aliniruhusu, nadhani kwa sababu alitaka kujua. Televisheni ilikuwa juu ya meza yake, na juu ya televisheni kulikuwa na kanga mpya kabisa iliyoungua upande mmoja. Nikamwuliza kanga ni ya nini.

Alinitazama kana kwamba nauliza sahani ni ya nini. "Si radi ilikuwa inanguruma? Watu walitaka picha iishe, walikuwa wanapiga kelele. Mimi nikasema hapana, wazee wetu walitufundisha. Nikazima kwa swichi, nikafunika kila kitu. Kanga ya mke wangu, hajaivaa hata mara moja."

Nilielewa palepale, na sikucheka. Wewe kama umekulia kwetu utaelewa pia. Ngurumo ikianza, kioo cha ukutani kinafunikwa. Sufuria linalong'aa linafunikwa. Nguo nyekundu inavuliwa, watoto wanakalishwa chini, hakuna kelele. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na vitu vipya vilivyoingia na biashara huria tulivipokea kwa adabu ileile. Televisheni ina kioo, basi ifunikwe. Nilipita pia kwenye ile ofisi ya mjini iliyounguliwa. Kila kompyuta ilikuwa imefunikwa vizuri kwa kitambaa cha kufuma, na kila plagi ilikuwa ukutani, imeyeyuka.

Siku ya kura za maoni tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Wanachama walijaa mpaka madirishani. Kila mgombea alipewa muda wa kujieleza. Mwenye banda aliongea kwanza, akaahidi maji, akachekesha watu. Nilipoitwa mimi, niliingia na kapu. Nyuma yangu aliingia mama, na nyuma ya mama mume wangu amebeba kigoda.

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele alihamia benchi la nyuma.

"Mgombea," alisema mzee wa chama, aliyekuwa anaongoza kikao, "hapa unajieleza wewe. Si darasa hili."

"Mzee wangu, tazama ubao nyuma yako."

Watu walicheka, kidogo. Nikatoa vitu kapuni: redio ya nyumbani, waya wake, kebo yenye soketi, kioo cha kujitazamia na kanga. Darasa halikuwa na umeme, wala sikuuhitaji. Nilisema hivi: kuna maneno mtaani, na kila aliyemo humu anayajua. Sitaomba kura kabla ya maneno hayo kuzungumzwa mbele ya anayesemwa. Huyu hapa. Ni mama yangu. Amekuja kuwaonyesha alichokifanya Jumamosi ile.

Nikagonga meza mara moja. "Mama, imenguruma upande wa Mbizi."

Mama aliamka kigodani. Alichomoa plagi kwenye kebo, akaiweka mbali. Akachomoa waya kwenye redio. Akatembea nao mpaka dirishani, watu wa dirishani wakapisha kwa kurukiana, akautupa nje majanini. Kisha akarudi, akakifunika kioo kwa kanga, akaketi. Alifanya yote bila haraka, kama mtu anayezoa maharage.

"Ndiyo hayo," alisema. "Kuna lingine?"

Bibi mmoja wa rika lake alisimama katikati ya watu. "Midomo je? Kwa nini ulikuwa unasema maneno?"

"Salamu Maria," alisema mama. "Wewe ukishika waya mbingu inanguruma unaimba nyimbo za harusi?"

Hapo darasa lilipasuka. Hata mzee wa chama aliinamia meza. Nikangoja kicheko kitulie, maana kicheko hakikuwa kazi niliyoijia. Nikamgeukia mwenye banda.

"Ndugu mgombea, ulifunika televisheni yako?"

"Niliifunika. Kanga mpya."

"Ulifanya vizuri, wazee walitufundisha hivyo na mimi mwenyewe nafunika. Plagi ulichomoa?"

Alisugua kidevu. Alikuwa na uwezo wa kudanganya, na vijana wake walikuwa wanamtazama.

"Plagi," alisema, "ilibaki."

"Na ile ofisi ya mjini, nimekwenda kutazama. Walifunika, hawakuchomoa. Masista walichomoa. Ushirika walichomoa. Mama yangu alichomoa. Radi haikuuliza jina la mtu. Ilifuata waya, na palipokuwa na waya uliounganishwa ikapita. Sasa nawaambia wazi, na kura zenu mtafanya mnavyotaka: mama yangu haendi Msanzi. Sitamficha, na sitanyamaza ili mniogope. Atakaa Chanji, na ngurumo ikianza atatoka nje kushika waya wake, na atakayemwona asalimie."

Nilikaa. Sikuwa nimesema neno hata moja kuhusu maji. Muda wangu ulikuwa umekwisha.

Nilishindwa. Kura za mwenye banda zilizidi zangu, naye ndiye aliyepeperusha bendera ya chama na kuingia halmashauri. Mzee wa chama alinisindikiza mpaka njia panda.

"Ungenyamaza ungeshinda," alisema.

"Najua, mzee."

"Sijui kama nikuite mpumbavu."

"Niite unavyotaka. Ila kesho njoo kwetu unywe chai, mama ameuliza kwa nini siku hizi unapita tu."

Alikuja. Na wengine, taratibu. Usifikiri hofu ilikufa siku moja. Yule jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa bado anamvuta mtoto. Lakini mvua iliyofuata, mama alipotoka na waya wake, jirani alikuwa uani anakusanya nguo. Wakatazamana. Mama akamwita, "Umechomoa?" Jirani akasema redio yake plagi imekaza. Mama akaruka kidimbwi, akaingia kwake, akaichomoa, akarudi kabla mvua haijashuka. Baada ya hapo ikawa desturi ya mtaa. Wingu likitokea, utasikia nyumba hadi nyumba, "Bibi kashatoka?" Na diwani wetu mpya, aliponunua televisheni nyingine, hakunitumia mimi salamu. Alimtuma mtu kwa mama, kuuliza achomoe wakati gani.

Niligombea tena uchaguzi mkuu uliofuata. Sikuwa nimeacha kompyuta, sikuwa nimeacha nyumba, na bisibisi ilikuwa bado mdomoni. Nikapata. Nilikaa kwenye baraza la madiwani vipindi viwili, huku nikifunga mitambo ya watu kuanzia Kipili mpaka Msanzi, na mume wangu akastaafu ualimu akiwa anasonga ugali mzuri kuliko dada zake. Kuna vikao nilivikosa kwa sababu ya kazi, kuna kazi nilizikosa kwa sababu ya vikao, na kuna sherehe za shule za wanangu ambazo nilifika viti vikiwa vinakunjwa. Walionitaka nichague waliyasema hayo yote, na yalitokea yote. Lakini mabomba yaliongezwa, wateja waliendelea kupiga simu, na wanangu wanakuja nyumbani bila kuitwa. Sijachagua mpaka leo.

Mama aliishi Chanji mpaka uzee ulipomchukua, kitandani pake, ndani ya nyumba aliyotaka kuihama kwa gari la asubuhi. Waya wa redio bado upo. Siku hizi hauna kazi, simu zinasoma habari zenyewe, ila sijautoa kwenye mlingoti.

Sasa rudi kwenye zile nyaya nilizokuomba uzikumbuke. Ukisikia ngurumo ya kwanza, ikiwa bado mbali, chomoa plagi ukutani na uiweke mbali, kisha chomoa na waya wowote unaotoka nje. Ngurumo ikishakuwa juu ya nyumba usiguse waya tena, umechelewa, kaa ndani. Kioo kifunike ukipenda. Na ukimwona jirani yako mzee ametoka nje ameshika waya, mwamkie shikamoo, kisha mwulize kama anahitaji msaada.